Mpita njia ana fungu lake: Tabora na swali la nani amtunze nani



Ndugu msomaji, jambo hili bila shaka umelishuhudia. Imamu ametoa salamu, sala ya Ijumaa imekwisha, na kabla watu hawajatawanyika anasimama mtu karibu na mlango, begi dogo mkononi. Anasema yeye ni msafiri, ametoka Kigoma anakwenda Singida, nauli imemwishia, na katika mji huu hana ndugu. Baadhi ya waumini wanatia mkono mfukoni. Wengine wananong'ona kwamba mtu huyu alionekana mwezi uliopita katika msikiti mwingine akieleza safari nyingine. Mwishowe zinapatikana shilingi kadhaa, na kila mmoja anakwenda zake na dhana yake.

Wengi wetu huliona suala hilo kuwa la huruma tu. Ukweli ni kwamba mtu yule mlangoni ametuuliza swali ambalo serikali zote duniani zinahangaika nalo, lile ambalo wataalamu huliita sera ya ustawi wa jamii. Tukiliondolea mapambo, maana yake ni makubaliano ya watu wanaoishi pamoja: nani atamtunza nani, kwa mali ya nani, na kwa masharti gani. Tumechagua kulizungumza kwa kuutazama mji wa Tabora, kwa sababu ni miji michache katika nchi yetu iliyojengwa na wapita njia kwa kiasi hicho.

Mji wa watu waliotoka mbali

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Msafara wenye mizigo ulichukua miezi miwili hadi mitatu, pengine zaidi, kutoka pwani hadi Tabora. Waarabu wa Oman na Unguja, Waswahili wa Mrima, Wamanyema kutoka magharibi ya ziwa na Wanyamwezi wenyewe walikutana hapo. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mabegani pembe na vitambaa, na kila mwaka makumi ya maelfu ya watu walipita katika njia hiyo.

Mgeni mwenye cheo alipokewa vizuri. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya wakati huo, mwezi Novemba 1857, mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir, aliwapa makazi na chakula. Burton hakuwa mwepesi wa kuwasifu watu, lakini ukarimu huo aliusifu. Na wafanyabiashara waliotaka kukaa walijitengenezea undugu. Baba yake Hamed bin Muhammed, yule aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na makazi Tabora na alioa katika nyumba ya mtemi Fundikira. Aliyeoa kwa mtemi hakuwa mgeni tena.

Mpagazi hakuwa na uwezo wa kuoa kwa mtemi. Yeye alikuwa na utani. Sisi leo tunaufahamu utani kama mzaha wa msibani, na vijana wengine hawaujui kabisa, lakini utani wa Wanyamwezi na makabila ya njia ile hadi pwani ulikuwa ni mkataba wa kutunzana. Mtani aliyefika kijiji cha mtani wake aliweza kuchukua chakula bila kuitwa mwizi, na akifa safarini mtani ndiye aliyeshughulikia mazishi yake. Ulikuwa ni mpango wa ustawi wa jamii usio na ofisi wala fomu. Naye mtemi alipokea nafaka kutoka kwa watu wake, nao walitarajia ghala lake lifunguliwe mwaka wa njaa.

Lakini tusiipambe historia. Njia ileile ilipitisha watumwa. Mpagazi aliyeshikwa na ndui mara nyingi aliachwa njiani, na mtumwa aliyeshindwa kutembea aliachwa au alifikwa na baya zaidi. Yeye hakuwa na mtani, wala mkwe, wala mtemi, kwa kuwa maana yenyewe ya utumwa ni kung'olewa katika kila undugu. Na hapa, ndugu Waislamu, lazima tuseme jambo lenye uchungu: waliokuwa wakimpitisha walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu wanaoswali. Aya ya zaka iliyotaja kukombolewa kwa watumwa ilikuwa ikisomwa katika mji huohuo. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Swali la kwa nini sisi wenyewe hatukutangulia halina jibu la kutufurahisha.

Mafungu manane

Katika Surat at-Tawba, aya ya 60, Mwenyezi Mungu (S.W.) ameyapanga mafungu manane ya wanaostahiki zaka: mafakiri, maskini, wanaoikusanya, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, watumwa wa kukombolewa, wenye madeni, katika njia ya Mwenyezi Mungu, na ibn as-sabil, yaani mwana wa njia, msafiri aliyekatikiwa. Ukiyatazama mafungu hayo ukiwa Tabora utaona kwamba matatu kati yake yalikuwa yakitembea katika barabara ya Bagamoyo na Ujiji: mtumwa, mdaiwa (maana biashara nzima ya pembe iliendeshwa kwa mkopo wa matajiri wa Unguja, na wengine walibaki bara miaka mingi kwa kuogopa wadai wao) na msafiri.

Wanavyuoni wamesema jambo la kuzingatia sana kuhusu msafiri. Anastahiki kupewa hata kama kwao ni tajiri, maadamu hapa alipo hana cha kumfikisha. Haulizwi ana ng'ombe wangapi nyumbani. Kinachotazamwa ni haja yake mahali alipo na kwa wakati ule. Na katika Surat al-Ma'arij, aya ya 24 na 25, imeelezwa kwamba katika mali za wachamungu mna haki inayojulikana ya mwenye kuomba na mwenye kunyimwa. Neno lililotumika ni haki. Anayepokea amepewa kilicho chake, na anayetoa hana la kujivunia.

Hiyo ndiyo thamani ya kwanza tunayoweza kuipimia sera yoyote, iwe ya msikiti au ya serikali: je, anayepokea anapokea kama mwenye haki au kama mwombaji?

Mzungu aliyekuja kutuuliza

Huenda wasomaji wengi hawafahamu kwamba mmoja wa waasisi wa somo la sera ya jamii katika vyuo vikuu vya Uingereza, Profesa Richard Titmuss wa London, aliwahi kufanya kazi juu ya nchi yetu. Yeye na wenzake walialikwa kuchunguza huduma za afya za Tanganyika, na ripoti yao ilitoka mwaka 1964, ikitilia uzito vituo vya afya vya vijijini. Titmuss alifariki mwaka 1973, na kitabu kilichotolewa mwaka uliofuata kutokana na mihadhara yake kiligawa sera za jamii katika mifano mitatu ambayo wanafunzi wanasoma mpaka leo.

Katika mfano wa kwanza serikali huja mwisho. Mtu atunzwe na familia yake au anunue huduma sokoni, na zote mbili zikishindwa ndipo serikali imshike mkono kwa muda. Mfano wa pili hufuata kazi na mchango, kwamba uliyechangia ndiye utakayetibiwa na kulipwa kiinua mgongo. Katika wa tatu huduma ni ya wote kwa kuwa ni wanajamii, bila kuulizwa umechangia nini au una umaskini kiasi gani.

Tanzania imeijaribu yote mitatu, na mkoa wa Tabora umeyaona yote. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 nchi ilielekea kwenye mfano wa tatu, na zahanati na shule zilienea vijijini bila malipo. Ilikuwa ni dhamira njema iliyokuja kushindwa kulipiwa. Kuanzia mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza ada kwa jina la kuchangia gharama, na wasioweza wakaambiwa waombe msamaha, ndiyo kusema tumerudi kwenye mfano wa kwanza. Kisha ukaja wa pili, na ulianzia hapahapa.

Kadi ya Igunga

Mwaka 1996 wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, ilichaguliwa kuwa ya kwanza nchini kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya ililipa shilingi 5,000 kwa mwaka na kutibiwa bila kulipa tena, na serikali iliongeza kiasi sawa na kilichochangwa, utaratibu uliojulikana kama tele kwa tele. Wazee wetu hawakuona jambo geni. Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1945 kwa juhudi za Aga Khan wa tatu, nayo ilijenga misikiti na shule kwa mtindo wa Waislamu kuchanga na yeye kuongeza, mpaka ilipopigwa marufuku nchini Desemba 1968 na nafasi yake kushikwa na BAKWATA.

Sheria ya mfuko ilipitishwa mwaka 2001 na mpango ukaenezwa wilaya nyingine. Ulisaidia watu, hilo lisikataliwe. Mwenye kadi hakusubiri auze mbuzi ndipo mtoto apelekwe zahanati. Lakini katika halmashauri nyingi idadi ya kaya zilizojiunga ilibaki ndogo kwa miaka mingi. Sababu moja inaeleweka na kila mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge: fedha huonekana baada ya masoko, na malaria haingoji masoko. Sababu nyingine ni kwamba kaya isiyo na uwezo ilitakiwa ithibitishwe na viongozi wa kijiji na kata, na anayejulikana kwa viongozi si lazima awe ndiye mwenye shida zaidi.

Sababu ya tatu ndiyo inayotuhusu leo. Kadi ya mwanzo ilitumika ndani ya wilaya yake. Mpango ulioboreshwa wa mwaka 2018, wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita, ulipanua wigo hadi hospitali ya mkoa. Hata hivyo msingi umebaki uleule: kaya, makazi, orodha. Mashamba ya tumbaku hufanyiwa kazi na vibarua wanaotoka Kigoma na kwingineko, wengine wakiwa vijana wadogo. Kibarua kama huyo akianguka na homa, hayumo katika kaya ya hapa, na kaya ya kwao iko mbali. Yeye ndiye mpagazi wa leo.

Kuna pia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF tangu mwaka 2012. Mkutano wa kijiji husaidia kutaja walio maskini zaidi, nao hupokea ruzuku, sehemu yake ikitegemea watoto kuhudhuria shule na kliniki. Wengi wameinuka kwa mpango huo. Tatizo la orodha, hata hivyo, ni lilelile, kwamba jirani mmoja ameandikwa na mwingine hakuandikwa, na chuki inazaliwa kati ya vyungu viwili vyote vyenye njaa. Zanzibar ilifuata njia nyingine. Kuanzia Aprili 2016 kila mkazi aliyetimiza miaka 70 alianza kulipwa pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kiwango kilichokuja kuongezwa baadaye, tajiri na maskini sawa. Wapo waliouliza kwa nini mzee mwenye maduka alipwe. Jibu ni kwamba hakuna mzee maskini aliyetakiwa kusimama mbele ya watu kuthibitisha umaskini wake.

Usiku wa Khalifa Umar

Kuhusu masharti, historia yetu ina kisa ambacho kingefaa kusomwa katika kila kikao cha sera. Inasimuliwa kwamba msafara wa wafanyabiashara ulifika Madina na kupiga kambi karibu na mahali pa kuswalia. Umar bin Khattab (R.A.), akiwa Khalifa, alimwambia Abdurrahman bin Auf (R.A.) wakeshe pamoja kuwalinda wageni hao na wezi. Tazama kwanza hilo: kiongozi wa dola anakesha kwa ajili ya wapita njia.

Usiku ule alisikia mtoto akilia bila kunyamaza. Akamwendea mama yake mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mama, asiyemjua anayesema naye, akaeleza kwamba anamlazimisha mtoto kuacha ziwa mapema, kwa kuwa Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyekwisha kuachishwa. Alfajiri Umar aliswalisha huku kilio kikimkaba, akijilaumu kwa watoto aliowadhuru, kisha akaamuru itangazwe kwamba watoto wasiharakishwe kuachishwa, na kwamba posho itatolewa kwa kila mtoto tangu kuzaliwa.

Sharti lile halikuwa la dhulma. Liliwekwa kwa hesabu ya kulinda mali ya umma, na mhasibu yeyote angelitetea. Lakini watu huishi kwa kufuata sharti, na sharti likamfikia mtoto mchanga. Umar alilifuta baada ya kulisikia likilia.

Malalamiko yetu na kazi yetu

Najua kuna msomaji anayesubiri nitaje hati ya maelewano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa kuhusu afya na elimu. Naitaja. Kauli kwamba fedha za walipa kodi wote zisaidie taasisi za dini moja zaidi ya nyingine ni malalamiko yenye msingi, na kurasa kama hizi zimeyaeleza kwa miaka mingi. Lakini ukisafiri mkoani Tabora utaikuta hospitali ya Nkinga kule Igunga, Ndala kule Nzega na ya Wamoraviani kule Sikonge, zote zimetokana na makanisa, na Mwislamu anayefika hapo usiku na mke mwenye uchungu wa uzazi anapokewa. Kudai haki serikalini ni sawa. Je, zaka ya wafanyabiashara wetu wa Tabora, Nzega na Urambo inakusanywa wapi, na nani anajua imekwenda kwa nani? Mtume (S.A.W.) alipompeleka Muadh bin Jabal (R.A.) Yemen alimwagiza kwamba zaka ichukuliwe kwa matajiri wao na irudishwe kwa mafakiri wao. Hiyo ni kazi yenye mkusanyaji, mgawaji na hesabu, na ndiyo maana anayeikusanya ametengewa fungu lake katika aya.

Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, baadhi ya Waislamu waliuliza kama bima yenyewe inafaa. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Jeddah Desemba 1985 lilikataza bima ya kibiashara kwa sababu ya gharar na likaruhusu ile ya kusaidiana. Hoja ya kama zaka inaweza kumlipia maskini mchango wake ina mjadala, kwani wanavyuoni wengi wanataka zaka imilikishwe mpokeaji mwenyewe. Wengine huona inatosha maskini akiridhia na kuwakilisha mtu amlipie. Kamati za misikiti ziwaulize masheikh wao, zisikae kimya kwa kisingizio cha hitilafu.

Mtazamo wangu ni kwamba matibabu ya lazima yafuate mfano wa tatu, yagharamiwe na kodi ya wote, kwa kuwa ni huo pekee usiomuuliza kibarua wa tumbaku kaya yake iko wapi. Zaka haikuja kuifukuza serikali katika wajibu huo, wala kodi haimwondolei mwenye nisabu zaka yake. Na serikali yetu imewahi kuonesha kwamba inaweza kumpokea mwana wa njia: wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, na zaidi ya 162,000 kati ya watu wa makazi hayo walipewa uraia, vyeti vikianza kutolewa mwaka 2014.

Huyo Titmuss alikuwa na kitabu kingine, cha mwaka 1970, kuhusu damu. Alichunguza nchi ambako damu huuzwa na nchi ambako hutolewa bure kwa mtu usiyemjua, akakuta ile ya bure ndiyo salama zaidi. Tabora ina kituo cha damu salama cha Kanda ya Magharibi. Damu inayotolewa hapo haichagui kabila wala dini ya atakayeipokea, na huenda ikaingia katika mishipa ya abiria aliyepinduka na basi usiku akielekea Kigoma.

Tumrudie basi mtu wetu mlangoni. Wasiwasi kwamba anadanganya ni wa haki, kwa kuwa wapo wanaodanganya. Dawa yake ni nyepesi. Kamati iteue waumini wawili, kisanduku kimoja cha ibn as-sabil kiwekwe kando na michango ya ujenzi, na msafiri asipewe fedha mkononi: mmoja aongozane naye hadi stendi au stesheni, amkatie tiketi, amnunulie chakula cha njiani. Mgonjwa apelekwe Kitete na alipiwe. Jina, tarehe, alikotoka na alikokwenda viandikwe katika daftari, na hesabu isomwe mbele ya watu kila mwisho wa mwezi. Kwa kuanzia, fedha za daftari hilo hazizidi bei ya chai ya watu wawili, na Ijumaa ijayo si mbali.